Siku Tatu Ng'ambo ya Barafu

Meli ya kutoka Tallinn inatafuna barafu saa mbili nzima,
kama mtu anayekula mkate mkavu gizani
na hataki kuamsha wenzake.
Mama amekaa dirishani, mkoba magotini, koti hajalivua.
Ana miaka sabini na mmoja
na safari hii ya kilomita themanini
amekuwa akiiahirisha tangu nchi ilipofunguliwa:
mwaka huu nauli, mwaka ule goti,
mwaka mwingine paka.

Helsinki. Jua limechelewa kuamka,
limefika kiunoni mwa majengo, basi, halipandi tena.
Saa tisa na nusu litaaga.

Mimi nilikuwa na orodha: kanisa jeupe,
jumba la sanaa, supu ya samoni kwenye hema la bandarini.
Mama anakwenda mwendo wa bata
juu ya changarawe iliyomwagwa njiani,
na anasoma vibao kwa sauti. Vyote.
"Viatu. Benki. Tahadhari, theluji inaporomoka kutoka paani."

Kifini chake hakikutoka shuleni.
Kiliruka bahari usiku, kikanaswa na antena
ambayo babu aliisuka kwa waya
akaificha darini, nyuma ya mashati yanayokauka.
Ndiyo maana hajui kugombana kwa Kifini,
hajui kubembeleza, wala kumlilia mtu,
ila sabuni anajua kuisifu,
na upepo wa kusini-magharibi anajua kuutangaza,
mita nane kwa sekunde.

Siku ya pili akapoteza glavu ya kushoto,
nyekundu, yenye nyota, aliyoifuma mwenyewe.
Tukarudi nyuma vituo viwili vya tramu. Hakuna.
"Achana nayo," akasema, mkono kwapani.
"Nipeleke sokoni."

Mbele ya kaunta ya nyama akasimama, akasimama.
Foleni ikajipanga nyuma yetu, kimya,
kila mtu hatua mbili kutoka kwa mwenzake.
"Mwalimu Salme," akaninong'oneza, "alituapia
kwamba nyama ya kwenye televisheni ya Wafini
ni plastiki. Imepakwa rangi.
Kwamba hata wao hawaijui ladha yake."
Nikacheka.
Yeye hakucheka.

Muuzaji alikuwa kijana mwenye hereni,
kifuani kibandiko: Onni.
Mama akamwambia, kwa Kifini cha sabuni na upepo:
"Samahani. Naweza kuigusa?"

Onni akaitazama foleni. Foleni ikatazama dari.
Akamletea glavu ya nailoni; Mama akatikisa kichwa,
akanyoosha kidole cha ule mkono uchi,
chekundu bado kwa baridi,
akalibonyeza paja la ng'ombe.

Likabonyea.
Kisha, taratibu, likajirudi.

"Nilimwamini," akasema kwa Kiestonia,
sijui akimwambia nani. "Nilikuwa na njaa
na nikamwamini."

Onni akafunga kipande kwenye karatasi.
"Unaongea kama tangazo la kahawa la enzi za bibi yangu,"
akasema, na Mama akapokea
kama mtu aliyetunukiwa shahada.

Gramu mia nne. Hoteli haina jiko.
Tukaining'iniza nje ya dirisha ndani ya mfuko,
digrii kumi na tisa chini ya sifuri,
na asubuhi Mama akaigonga kwa kucha:
ko, ko, ko.
"Salme angefurahi," akasema,
na hapo ndipo tulipocheka, mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumba la sanaa hatukuliona.

Njiani kurudi bandarini, kwenye uzio wa bustani,
mpita njia fulani alikuwa ameivika glavu yetu
juu ya ncha ya chuma, ili mwenyewe aione.
Ilisimama wima ndani ya theluji, nyekundu,
kama mkono wa mwanafunzi
ambaye mwalimu amekataa kumwona.

Mama akaisogelea, begi la nyama begani.
"Haya," akaiambia, "sema."
Akaivua. Akaivaa.